Zamu ya meza ya manyoya: jinsi ya kujitolea kwenye tamasha la kondoo na sufu

Kila mwaka, ikikaribia wikendi ya kwanza ya Mei, naomba ruhusa kazini mapema. Ijumaa alfajiri natia gambuti nyuma ya gari, najaza chupa ya chai ya maziwa, na kabla hakujapambazuka sawasawa niko kwenye barabara kuu namba 70 naelekea magharibi kutoka Baltimore. Ninakokwenda panaitwa West Friendship, kwenye uwanja wa maonyesho wa kaunti ya Howard, ambako Chama cha Wafugaji wa Kondoo wa Maryland huandaa tamasha lao la kondoo na sufu. Aliyekulia Kenya nimweleze hivi: ichukue shoo ya Nakuru, uondoe matrekta, mabenki na kampuni za mbegu, ubakishe mazizi, mizani, waamuzi, na vibanda vya uzi mpaka macho yachoke. Mtanzania naye aifikirie Nane Nane ambayo ng'ombe na mahindi vimeachwa nyumbani, kondoo peke yake ndiye mgeni rasmi.

Mimi ni mtoto wa Njabini, Kinangop Kusini, chini ya milima ya Nyandarua, mahali ambapo umande wa asubuhi mara nyingine hugeuka barafu juu ya nyasi. Mama alifuga kondoo wa sufu wa aina ya Corriedale. Nyanya, mamake mama, alikuwa akisokota uzi wa kiondo kwa kiganja juu ya paja lake, kwanza wa mkonge, baadaye wa sufu ya kondoo wetu wenyewe. Sikudhani ujuzi ule ungenifungulia mlango wowote Marekani, nchi niliyoijia kwa kazi ya kutunza wazee. Ulinifungulia. Sasa wenzangu tunaosali nao wakiona picha zangu huuliza yale yale: unaingiaje huko? Lazima uwe na kondoo? Wanalipa? Naandika niwajibu wote kwa pamoja. Hawalipi. Huhitaji kondoo hata mmoja. Na unaingia kwa kushika kazi.

Jua kwanza limetoka wapi

Usiruke sehemu hii ukadhani ni hadithi tu. Mtu anayejitolea mahali bila kujua pametoka wapi atafanya kazi, lakini hatajua analinda nini.

Mwaka 1942 Marekani ilikuwa na kondoo karibu milioni 56. Leo wanahesabiwa kama milioni 5. Katikati hapo nailoni iliingia, ikafuatwa na poliesta, na vita vilipokwisha jeshi halikuhitaji tena mablanketi na makoti ya sufu kwa wingi ule. Serikali ilitunga sheria ya sufu mwaka 1954 ili kumwongezea mfugaji bei, na malipo hayo yakasitishwa mwaka 1995. Mwenye kondoo maelfu kule magharibi aliweza kujikaza. Mwenye kondoo ishirini Maryland alimlipa mnyozi, akauza sufu, akakuta alichopata hakimrudishii hata alichomlipa mnyozi. Nayajua maumivu hayo. Kwetu Kinangop niliona magunia ya manyoya yakikaa ghalani mwaka mzima huku sokoni sweta za mitumba zikiuzwa bei ya chini kuliko uzi.

Basi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na makundi mawili yaliyotafutana bila kujuana. Kulikuwa na wafugaji wenye sufu isiyo na mnunuzi. Na kulikuwa na watu, wengi wao vijana, waliokuwa wakirudia kazi za mikono, kusokota, kufuma, kutia rangi kwa majani na mizizi, nao hawakupata sufu ya kusokota kwa mkono dukani. Tamasha la Maryland lilizaliwa kipindi hicho, na tangu hapo kazi yake kubwa ni hiyo ya kuwakutanisha aliyefuga na atakayesokota, uso kwa uso, bila dalali katikati. Mwaka 2023 lilitimiza mara ya 50. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu walikutana mtandaoni tu, kila mmoja na gurudumu lake la kusokotea sebuleni kwake.

Sufu na kujitolea vina urafiki wa zamani huku. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia Rais Woodrow Wilson aliweka kondoo kwenye bustani ya Ikulu mjini Washington ili wale zile nyasi na watu wa kuzikata waende kwenye kazi nyingine. Kondoo wale walitoka shamba la Maryland. Sufu yao ilipigwa mnada, na zaidi ya dola 50,000 zikaenda kwa Msalaba Mwekundu. Na kule Masham, Yorkshire, Uingereza, mnada wa kale wa kondoo uliokuwa umekufa ulifufuliwa mwaka 1986, na sababu ya kuufufua ilikuwa kuchangia watu wa Afrika waliopigwa na ukame. Niliposoma hilo nilikaa kimya kidogo. Mimi nilikuwa mtoto ukame wa 1984 ulipotupata, na nakumbuka tulivyokula mahindi ya njano ya msaada.

Nani huifanya kazi

Ukifika Jumamosi saa nne ya asubuhi utaona umati, muziki, watu wamekumbatia mifuko ya uzi kama watoto wachanga, na moshi wa mishikaki ya mwanakondoo. Utadhani kuna kampuni kubwa inayoendesha yote. Hakuna. Kuna familia za wafugaji zinazopokezana kazi kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Kuna vyama vya wasokotaji na wafumaji. Kuna vijana wa klabu za 4-H, ambazo ndizo mama wa zile klabu zetu za 4K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Hao ndio wanaowaongoza kondoo ulingoni wakiwa wameshika kidevu kwa mkono mmoja. Halafu kuna watu kama mimi, wasio na shamba wala undugu na mwenye shamba, waliokuja siku moja kutazama wakabaki.

Kwa lugha ya kwetu hii ni harambee, ila huchangi pesa, unachanga saa zako. Na kama umewahi kuwa kwenye chama cha akina mama, tayari unajua mambo mawili ambayo wengi huku hufundishwa: kwamba zamu ni deni, na kwamba mwenye daftari ndiye mwenye chama.

Jinsi ya kuomba

Mara ya kwanza nenda kama mgeni. Tembea siku nzima, uangalie wapi watu wamechoka na wapi foleni haisogei. Hapo ndipo wanapohitaji mkono.

Kisha andika mapema, Januari au Februari, si Aprili. Tamasha la Mei hupangwa wakati theluji iko nje. Ujumbe wako uwe mfupi: wewe ni nani, unapatikana siku zipi na saa zipi, unaweza kubeba kilo ngapi, na umewahi kushika nini. Usiseme unaipenda sufu sana. Wote wanaipenda. Sema kwamba unaweza kusimama saa sita, au kwamba unajua kuandika risiti kwa mwandiko unaosomeka. Mimi niliandika kwamba nimekulia kwenye kondoo, kwamba siogopi mavi yao, na kwamba Jumapili jioni nipo.

Hiyo ya Jumapili jioni ndiyo ninayotaka uichukue kutoka kwangu kuliko mengine yote. Kila mtu anataka zamu ya Jumamosi asubuhi, wakati uwanja unang'aa. Jumapili saa kumi na moja jioni watu wanataka kurudi nyumbani, na bado kuna meza za kukunja, matandazo ya kufagia mazizini, nyaya za kuviringisha. Omba zamu hiyo. Utafagia bega kwa bega na watu walioliendesha tamasha kwa miaka mingi, na watu wakifagia pamoja huzungumza. Mambo mengi ninayoyajua kuhusu tamasha hili niliambiwa nikiwa na fagio mkononi.

Kuhusu kuegesha magari, kuuza tiketi na kuelekeza wageni vyooni sina mengi ya kusema: vaa kofia, beba maji, tabasamu, na ujue ramani kabla hujaulizwa.

Viatu vyako

Hapa naomba uniskize kwa makini, ndugu yangu, hasa kama umetoka nyumbani juzi. Ugonjwa wa miguu na midomo upo Kenya, Tanzania na Uganda mwaka hadi mwaka. Tumeuzoea, karantini inatangazwa, minada inafungwa, maisha yanaendelea. Marekani haujaonekana tangu 1929. Virusi vyake vinaweza kusafiri kwenye tope la soli ya kiatu. Kwa hiyo ukiwa umemtembelea mjomba Narok ukaingia bomani, ukirudi sema ukweli kwa maofisa wa uwanja wa ndege wanapouliza kama ulikuwa shambani, na usikanyage zizi la kondoo la huku kabla ya siku tano angalau kupita. Viatu vya huko viache huko. Mimi nina gambuti ambazo hazijawahi kutoka Maryland.

Vivyo hivyo usibebe sufu mbichi kwenye sanduku ukitoka nyumbani, hata ikiwa zawadi. Zamani pale Bradford, Uingereza, wachambuzi wa sufu walikuwa wakifa kwa kimeta kilichokuja ndani ya manyoya kutoka nchi za mbali. Kimeta hatuhitaji kuelezwa.

Ukipangiwa kwenye mapokezi ya wanyama, kazi ni kutazama cheti cha daktari wa mifugo, kusoma namba ya hereni ya sikio, na kuangalia mdomo, miguu na ngozi. Vidonda vya mdomo vya kondoo humwambukiza mtu mikononi, kwa hiyo vaa glavu. Choa pia. Nawa mikono kwa sabuni kila unapotoka zizini, na uwahimize watoto wanawe kabla ya kula. Mama mjamzito asiende karibu na kondoo wanaozaa. Na usimkamate kondoo kwa manyoya. Yanamuumiza ngozi na kumwacha na alama nyekundu ndani. Mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine nyuma kwenye paja, naye atatembea.

Meza ya manyoya

Hii ndiyo zamu yangu, na nitakaa hapa kidogo.

Kondoo akinyolewa vizuri, manyoya yake hutoka yameshikana kama blanketi moja. Mfugaji huliviringisha, hulitia kwenye mfuko unaoonyesha ndani, huandika karatasi: aina ya kondoo, uzito, rangi, jina la shamba. Mablanketi haya huletwa mamia, mwamuzi huyapitia moja moja na kusema sababu zake, kisha mengi yake huuzwa palepale. Siku ya kuuza, watu hupanga foleni kabla mlango haujafunguliwa. Mlango ukifunguliwa utaona watu wazima wakitembea kwa mwendo ulio karibu sana na kukimbia.

Kazi ya anayejitolea mezani ni kupokea, kupima, kuandika, kubeba kwa mwamuzi na kurudisha, na kumsaidia mnunuzi kuelewa anachokishika. Hiyo ya mwisho ndiyo inayohitaji mafunzo, kwa hiyo nakupa ninayoyafanya.

Naanza na pua. Sufu nzuri inanuka kondoo na mafuta, harufu tamu kiasi. Ikinuka ukungu iliwekwa ikiwa mbichi. Kisha natazama kingo: mfugaji mwangalifu huwa ameshaondoa manyoya ya tumbo, ya miguu, na vipande vilivyogandia mavi mkiani. Hapo ndipo bei ilipo. Blanketi la kilo nne lililojaa nyasi na mavi lina thamani ndogo kuliko la kilo mbili na nusu lililosafishwa kingo zake.

Halafu navuta kishungi kimoja, chembamba kama penseli, kutoka begani, kwa ruhusa ya mwenye meza. Nakishika ncha zote mbili, nakisogeza sikioni, nakivuta kwa nguvu ghafla. Sufu yenye afya hulia kama uzi wa gitaa. Ikitoa sauti ya kuchanika, kuna mahali uzi ulikonda, na hapo ndipo mnyama aliugua, au alikosa lishe, au alizaa wakati mgumu. Kondoo huandika mwaka wake kwenye manyoya. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo pale Maryland, bibi mmoja aliyekuwa akisimamia meza, wa umri wa nyanya yangu, alinigeukia.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Kenya."

"Kenya kuna sufu?"

"Iko. Kwetu ni baridi, bibi."

Akanisogezea kiti. Mwaka uliofuata aliniachia meza nzima akiwa amekaa pembeni akiangalia, na mwaka wa tatu hakuangalia tena.

Mnunuzi atakuuliza kuhusu wembamba wa uzi. Hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Sufu ya kondoo wa Merino mara nyingi huwa chini ya 24, na hiyo inafaa shingoni kwa mtoto. Corriedale huwa kati ya 25 na 31. Hii ni sufu ya sweta, na ndiyo iliyonivisha utoto mzima. Romney kwa kawaida huzidi hapo, imara, inang'aa, nzuri kwa koti na kwa anayejifunza kusokota kwa sababu haitelezi haraka vidoleni. Usimwambie mtu kwamba laini ndiyo bora. Muulize anataka kutengeneza nini. Anayetaka mkeka wa mlangoni ukimuuzia Merino umemdhulumu.

Atakuuliza pia jinsi ya kufua. Mwambie: maji ya moto ya kama nyuzi 60, sabuni ya vyombo, sufu izamishwe taratibu na iachwe dakika ishirini bila kuguswa. Asisugue, asikoroge, asifungulie bomba juu yake. Aitoe kabla maji hayajapoa, maana mafuta yataganda tena, na maji ya kusuuzia yawe na moto uleule. Mimi blanketi langu la kwanza la kununua nilililowesha kwa maji ya moto kisha nikalisuuza kwa ya baridi nikilikamua kama nguo. Likawa kitu kigumu kama kapeti. Ninalo bado, nimelikatia soli za ndani za gambuti, na huwaonyesha wanaoanza.

Zingatia adabu moja. Wageni hupenda kuingiza mkono wote ndani ya mfuko na kuchimbua. Zuia kwa upole. Blanketi likivurugwa halijulikani tena bega ni wapi na paja ni wapi, na mfugaji alilala saa nane usiku akilipanga. Mimi husema, "Ngoja nikufungulie," kisha nalitandaza mwenyewe. Watu hawachukii wakionyeshwa.

Kutoka kondoo hadi shali

Kuna shindano ambalo usipolitazama utakuwa umekwenda West Friendship bure. Timu ina mnyozi mmoja, wasokotaji watatu na mfumaji mmoja. Kondoo anasimama pale na sufu yake. Kengele ikilia ananyolewa, sufu inachanwa na kusokotwa bila kufuliwa, ikiwa na mafuta yake, na uzi unapokezwa kwa mfumaji. Mtande, yaani nyuzi za urefu, umeshatandazwa kwenye kitanda cha kufumia tangu kabla. Mshindio, uzi unaopitishwa katikati ya hizo, ndio unaozaliwa mbele ya macho yako. Saa chache baadaye kuna shali, na shali hilo linapigwa mnada.

Mbio za namna hii zina umri. Mwaka 1811, tarehe 25 Juni, pale Newbury, Uingereza, Sir John Throckmorton aliweka dau la gini 1,000, pesa ya Kiingereza ya zamani, kwamba koti linaweza kutoka mgongoni mwa kondoo hadi mgongoni mwa mtu kati ya kuchomoza na kuchwa kwa jua. Kiwanda cha John Coxeter kilinyoa kondoo wawili alfajiri, kikasokota, kikafuma, kikatia rangi, kikashona, na koti likavaliwa baada ya saa 13 na dakika 20. Jua lilikuwa bado halijazama.

Kazi za kujitolea hapa ni ndogo na zote zina maana: kushika saa, kufagia sakafu karibu na mnyozi ili asiteleze, kuleta maji kwa wasokotaji bila kuyamwaga kwenye sufu, na kumweleza mtazamaji kinachoendelea. Ukipewa hiyo ya kueleza, zungumzia mikono. Waonyeshe jinsi mnyozi anavyomkalisha kondoo kwa matako, mgongo ukiegemea magoti yake, naye hatapatapi kwa sababu miguu haigusi chini. Namna hiyo ya kumgeuza kondoo hatua kwa hatua ilienezwa duniani na ndugu wa familia ya Bowen wa New Zealand; Godfrey Bowen mwaka 1953 alinyoa kondoo 456 kwa saa tisa. Kila ninapowatajia watoto namba hiyo hunyamaza wakipiga hesabu. Ni chini ya dakika moja na robo kwa kila mmoja.

Mwaka mmoja msokotaji wa timu fulani alipata mkakamao wa vidole, akainuka kunyoosha mkono. Nikabaki nimeduwaa na chupa ya maji. Sikuruhusiwa kushika gurudumu, sheria ni sheria, lakini wakati wa mapumziko nilikaa chini kwenye nyasi, nikakunja sketi, nikamwonyesha jinsi nyanya alivyosokota juu ya paja: kiganja kinasukuma mbele, nyuzi mbili zinajikaza kila mmoja peke yake, kiganja kinarudi nyuma, zinajipinda pamoja. Hauhitaji mti wala chuma. Walikuja kama kumi kutazama, na mwaka uliofuata niliombwa kuleta kiondo. Nililetewa kutoka nyumbani kimoja cha sufu chenye mistari, nikakiweka mezani na karatasi inayosema kilisukwa na nani na wapi.

Kwa hiyo ukienda, beba unachokijua. Pita pia mazizi ya kondoo wasio na sufu. Utawakuta Katahdin, aina iliyoanzishwa jimbo la Maine na Michael Piel kuanzia 1957 kwa kutumia kondoo wa nywele kutoka kisiwa cha St. Croix, huko Karibi, na kondoo wa visiwa vile asili yao ni Afrika. Nikiwaona huwa nawakumbuka kondoo wekundu wa Wamasai, wasiohitaji mnyozi na wanaostahimili minyoo kuliko kondoo wa sufu wa kizungu. Mwenye zizi akisikia unatoka kwao atataka mzungumze.

Ukitaka kulianzisha nyumbani

Hili ndilo linalonikosesha usingizi siku hizi, kwa furaha. Molo wana kondoo wa sufu, Kinangop tunao, Njoro kuna akina mama wa Kenana Knitters ambao wamesokota na kufuma kwa miaka mingi na kazi zao zinauzwa nje. Kinachokosekana kwetu Njabini ni siku moja ambayo aliyefuga na anayesokota watasimama meza moja.

Nimekuwa nikipanga na dada yangu na chama chake. Hatutafuti mfadhili kwanza, wala bango, wala mgeni wa heshima wa kutuchelewesha hadi saa nane. Tumekubaliana uwanja wa shule, Jumamosi moja baada ya manyoya kukatwa, kondoo wasiozidi kumi ili daktari wa mifugo aweze kuwapitia wote kwa saa moja. Ikiwa karantini imetangazwa, kondoo wanabaki nyumbani, manyoya na watu wanakuja. Meza tatu: moja ya kupima na kuandika, moja ya kuchana na kusokota, moja ya vitu vilivyokamilika. Wanyozi wawili wa mkasi wa mkono. Wanafunzi wa 4K washike daftari la majina. Zamu zimeandikwa kwenye karatasi, na mstari wa juu kabisa ni zamu ya kufagia jioni, yenye jina langu, maana nimekata tiketi ya Desemba. Gambuti za Maryland zitabaki Maryland. Mama ana zangu za zamani nyuma ya mlango wa jikoni.

Dada ameshapima mablanketi manne ya majaribio kwa mizani ya viazi: kilo 3.2, kilo 2.8, kilo 3.6, na moja la 2.1 lililojaa miba ya malishoni. Alitaka kulitupa hilo la mwisho. Nimemwambia aliweke mezani pamoja na mengine, tulisafishe mbele ya watu, kingo baada ya kingo, na tulipime tena.